Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Mto Msimbazi na Mboga Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimo katika taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo nafasi hii nitaitumia kuzungumzia maji tunayomwagilia matuta yetu.

Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, huanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, na njiani hupokea majitaka ya viwanda, gereji na makazi. Watafiti waliopima maji, udongo na mboga za bonde hili wamekuta humo madini ya risasi, kadimiamu, kromiamu, shaba na zinki. Shaba na zinki mmea huzihitaji kwa kiasi kidogo mno; zikizidi, huuzuia usipate chuma cha kutosha, na jani hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Risasi, kwa sehemu kubwa, hukwama mizizini: ng'oeni mche ulioathirika nayo mtaona mizizi mifupi, minene, yenye ncha za kahawia na vinyweleo vichache, ndiyo maana hudumaa hata tuta likiwa limelowa.

Linalonitia hofu zaidi ni kadimiamu. Hiyo hupenya mizizini kwa njia zilezile za zinki, ikapanda hadi majanini, na mchicha huibeba kwa wingi kuliko mboga nyingi. Isitoshe, majitaka yana naitrojeni, hivyo mchicha hunawiri, jani pana na bichi, mama wa sokoni akaugombea, kumbe umebeba sumu inayodhuru figo. Kiwango cha juu cha kadimiamu kinachokubaliwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo, na jicho haliwezi kukipima. Kuosha nako huondoa vumbi tu.

Kamati inashauri kwamba wenye matuta jirani na mifereji ya majitaka wapande mahindi au bamia badala ya mchicha, kwa kuwa punje na tunda kwa kawaida hupokea kadimiamu kidogo kuliko jani. Matope ya mtoni yasipandishwe matutani kamwe. Penye udongo wenye tindikali tutie chokaa pamoja na samadi iliyooza, ili madini hayo yashikwe udongoni. Si haki mzigo huu utuangukie sisi ilhali wanaomwaga uchafu wako juu yetu, na hilo tutaendelea kulidai serikalini.

Naomba mkutano uidhinishe sehemu ya ada igharimie upimaji wa maji, udongo na mchicha katika maabara, kiangazi na masika, tukianza na matuta yaliyo karibu zaidi na mifereji.

Mwenyekiti