Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa: katuni za watoto wa awali

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba unisikilize. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, huu ni mwaka wangu wa 11, na wanafunzi wangu wana miaka minne na mitano. Nakuandikia kuhusu katuni wanazoangalia.

Mwaka jana nilikuwa na binti mwenye ualbino darasani. Mchangamfu, hodari wa kuimba, kofia yake pana haivui mpaka aingie ndani. Mapumziko yakifika wenzake walicheza malkia wa barafu, yule wa katuni ya Marekani ambaye akikugusa unaganda. Kila siku malkia alikuwa yeye. Nilipouliza kwa nini hawapokezani wakanijibu, "Si ndiye mweupe, mwalimu?" Mwanzoni alifurahia. Kisha siku moja ikafika zamu yake ya kugawa uji. Akamnyooshea mwenzake kikombe, mwenzake akaficha mikono nyuma: "Nitaganda." Hakuwa anatania. Mtoto wa umri ule bado anachanganya aliyemwona kwenye televisheni na aliyesimama mbele yake. Binti wa watu akabaki ameshikilia kikombe mpaka nikakipokea mimi, nikanywa wote wakiniangalia.

Siwalaumu watoto. Katika yote waliyoonyeshwa, aliyekaribia kufanana na mwenzao alikuwa malkia huyo. Hawajaona katuni yenye mtoto mwenye ualbino anayeitwa Mwajuma, anatumwa dukani kununua chumvi, anapoteza chenji, anagombana na kaka yake. Na hii ni nchi ambayo, kwa makadirio yanayotajwa sana, mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino.

Uwezo tunao. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limetupatia katuni ya Akili, binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na wanangu wanahesabu pamoja naye kwa Kiswahili kama wanahesabu na mtoto wa jirani. Lakini Akili peke yake hawezi kuwabeba watoto wa nchi nzima. Wa kitimwendo yuko wapi? Anayeongea kwa ishara? Anayelelewa na bibi?

Tena kuna suala la sauti, ambalo wengi hulipita. Nimeziona katuni za nje zilizowekewa sauti za Kiswahili ambamo mjanja anaongea kama mtu wa mjini, halafu mlinzi mpumbavu anapewa lafudhi ya Kimasai. Nina mtoto wa Kimasai darasani. Akifungua mdomo wenzake wanaanza kucheka kabla hajamaliza sentensi, na siku hizi anajibu kwa kutikisa kichwa.

Najua gharama ni kubwa. Kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde, dakika moja ya katuni ni picha 1,500, hata kompyuta ikisaidia. Katuni ya nje imeshalipa gharama zake kwao, ndiyo maana kuinunua ni rahisi kuliko kutengeneza yetu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, lakini unatoa mikopo, na katuni ya watoto wa miaka minne haina tiketi ya mlangoni ya kulipia mkopo. Naomba itengwe ruzuku kwa ajili ya katuni za watoto wa awali tu, na atakayeipata awalete walimu na wazazi wa watoto wenye ulemavu mezani kabla mhusika hajachorwa, si baada ya kazi kwisha. Naomba pia televisheni ya taifa izipe saa ya mchana, watoto wakiwa wamesharudi nyumbani.

Mheshimiwa, michoro ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzia Msasani kwa vibao na rangi za baiskeli, ilizaa katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi pamoja na kampuni ya Uingereza, ikaonyeshwa na BBC kuanzia 2010. Wengine waliona thamani yake mapema kuliko sisi, na hilo linaniuma.

Yule binti sasa yuko darasa la kwanza. Mdogo wake, naye ana ualbino, anaanza kwangu Januari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa darasa la awali, Tanga