Barua kwa Bakari: tafadhali usiukate mwezi huo Jumamosi

Ngamiani, Tanga
Jumanne, 8 Julai

Kwa ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na shemeji, watoto na Bi Mkubwa, ambaye nimesikia kwa Athumani kwamba magoti yameanza kumsumbua tena. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa kusi umeng'oa mabati mawili ya karakana na kuniachia mchanga juu ya kila kitu. Salamu nyingine utanisamehe nikizifupisha, kwa sababu tangu juzi nilipopata ujumbe wako nimekupigia mara tisa bila kukupata, na jambo lenyewe haliwezi kungoja mpaka simu yako ikumbukwe kuwekwa chaji. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa kijana wa basi, ambaye ameniahidi kwamba akifika Msata ataikabidhi kwa gari la kwanza linaloelekea Bagamoyo.

Umeniandikia kwamba umenunua diski ya almasi Kariakoo, kwamba utaifunga kwenye grinda yako ya kukatia nondo, na kwamba Jumamosi utaukata mwenyewe mwezi mwandamo wa kioo wa lile dirisha la nusu duara juu ya mlango, ili usinisumbue. Ndugu yangu, nakuomba unisumbue. Heri unisumbue kwa mwaka mzima kuliko kuniletea habari kwamba umepoteza jicho kwa ajili ya mlango wa mtu ambaye hata malipo ya awali hajakamilisha.

Nianze na hiyo grinda, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Wewe ni mtu wa mbao, umezoea msumeno wenye meno yanayouma mti na kutema vumbi la mbao. Kioo hakiumwi. Msumeno wa kioo hauna jino hata moja. Umepakwa chembe za almasi zilizoshikwa na nikeli, nazo zinakisaga kioo taratibu mpaka kiwe uji mweupe kama maziwa. Kinachokizuia kioo kisipasuke wakati kinasagwa ni maji, kwa sababu kioo kikipata joto mahali pamoja hutanuka mahali hapo peke yake, sehemu iliyobaki baridi hukataa kufuata, na ugomvi huo huishia kwenye ufa. Maji hayo hayo huushika unga usipande hewani ukaingia mapafuni mwako. Grinda ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na haina maji. Na kama umeshawaza kumwambia Juma akumiminie maji kwa kopo wakati unakata (nakujua, umeshawaza), basi kumbuka kwamba utakuwa umeshika mkononi mashine ya volti 230 na kuomba imwagiwe maji.

Kuna jambo la pili, ambalo nashangaa fundi mwenye jicho kama lako hakuliona. Diski ni sahani, na sahani haipindi. Ukinyoosha mstari itakwenda vizuri, lakini ukiingia kwenye tumbo la mwezi, ukingo wa mbele wa diski utataka kufuata mchoro wako huku ukingo wa nyuma bado umo ndani ya njia iliyonyooka, na hapo utausukuma ubavu wa kioo hadi kivunjike au kikurukie. Najua haya kwa sababu niliyafanya. Lile kovu la kiganjani ulilolikuta nilipokuja kwenye harusi ya Mwanaidi, nikakwambia limetokana na kopo la samaki, halikutokana na kopo la samaki. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimevaa kandambili, grinda mkono wa kulia na kioo mkono wa kushoto, kwa kiburi cha mtu aliyetazama video mbili. Sikukwambia ukweli kwa sababu niliona haya.

Sasa kuhusu mashine yangu, ambayo Athumani amekueleza kana kwamba ni ndege. Ni msumeno wa pete: pete nyembamba ya chuma iliyopakwa almasi pande zote, inayozunguka huku nusu yake ikipita ndani ya beseni la maji chini ya meza. Kwa kuwa pete hiyo husaga kwa pande zake zote, unaweza kukipeleka kioo mbele, ukakirudisha nyuma, ukakisogeza kando, ukaingia ndani ya pango na kutoka bila kukigeuza. Niliinunua kuukuu kutoka kwa mtu aliyeleta mizigo ya kontena kutoka Marekani, nikaichomeka ukutani kwa furaha, na kabla sijamaliza kusema bismillahi ikatoa moshi, kwa sababu kule umeme wao ni wa volti 120 nami sikusoma kibandiko. Fundi wa mota alizungusha waya upya kwa wiki tatu, na transfoma niliyolazimika kununua ilinigharimu karibu sawa na mashine yenyewe. Shemeji yako bado hajaambiwa jumla yake.

Inafanya kazi, sikatai. Mwezi kama wako huuchukua dakika kumi na mbili hivi, kwa kusukuma kioo kwa uzito wa vidole tu, maana ukikisukuma kwa pupa pete huacha mapengo madogo madogo upande wa chini, na milimita tatu za mwisho ndizo zenye hila kuliko zote, kwani hapo kioo hupenda kujivunja chenyewe kabla hujafika. Mchoro wa kalamu huoshwa na maji ukiwa bado nusu ya njia, mpaka nilipojifunza kuupaka mafuta ya mgando juu yake, yale yale ya watoto. Nimeweka soketi juu kuliko meza na kuuacha waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda, ili tone la maji likitambaa lidondoke sakafuni lisifike kwenye umeme. Navaa miwani na viatu vya mpira, na kanzu haisogei karibu na mashine. Ule uji wa kioo siumwagi kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu hutuama na kuganda kama saruji. Nauacha kwenye ndoo ujichuje kwanza.

Lakini Bakari, hata haya yote si hasa niliyotaka kukuandikia. Umekuwa ukiniuliza tangu Shaabani kama msumeno unaweza kuukata mwezi wako, nami nikawa najibu kwamba unaweza, na jibu hilo ni la kweli ila halikusaidii. Nimeutandika mchoro wako mezani kwa siku nne. Tumbo la mwezi ni la ndani mno, na pembe zake mbili ni nyembamba kama sindano. Kwa almasi ya mkono, ile kalamu ya kukichora kioo ili kimegwe, kipande hicho hakikatiki, maana ufa wa kioo ni kama mbuzi aliyefungiwa, hutafuta njia ya karibu ya kutoka nje; ukiuchora ndani ya pango lenye kina kiasi hicho, utakatiza moja kwa moja na kuondoka na pembe. Nimejaribu kwa njia ya wazee, kuchora matao kadhaa moja ndani ya jingine na kumega kidogo kidogo kwa koleo, na katika vipande saba vya kioo cheupe cha dirisha, kilichosalimika ni kimoja. Msumeno ungeukata mwezi huo bila shida. Halafu tungeuweka juu ya mlango.

Na mlango wako ni mlango kweli. Mbao nzito, mfaa katikati, komeo la chuma, na watoto wa nyumba ile kila mmoja akitoka anaubamiza kama ana kesi nao. Kila mbamizo utapanda kwenye kizingiti cha juu na kuingia kwenye kioo, na mtikiso ukiingia kwenye kioo huenda kukusanyika pale penye kona ya ndani au shingo nyembamba, yaani hasa mahali ulipochora uzuri wako wote. Mwezi hautavunjika siku ya kwanza. Utavunjika baada ya mvua mbili, na tajiri wako ataleta malalamiko kwako, nawe utayaleta kwangu. Ndiyo maana naona kwamba almasi ya mkono, pale inapokataa, inatuambia jambo kuhusu kipande chenyewe, na mashine inatuzibia masikio tusilisikie.

Mafundi wa Ulaya wa karne ya 12 hawakuwa hata na hiyo almasi. Walikipasua kioo kwa chuma cha moto, kisha wakamega kingo zake kwa chuma chenye pengo, na kwa sababu hiyo walijifunza kuupitisha mkanda wa risasi, yale madini laini ya kuunganishia vioo, mahali ambapo kioo kingetaka kupasuka. Mstari mweusi wa risasi ukawa sehemu ya picha, kama wewe unavyoiacha nyuzi ya mti ionekane kwenye waridi lako la mlangoni wala huioni kuwa ni kasoro. Nawe unavijua vioo vya namna hiyo. Tulipokwenda Unguja ulisimama mbele ya Zahanati ya Kale ukivitazama vioo vya rangi mpaka tukakaribia kuachwa na boti, na nauli ya pili ungelipa wewe.

Basi ombi langu ni hili. Uchore upya ule mwezi, na ulete mstari mmoja wa risasi kutoka kwenye jani la kushoto, ukatize tumbo la mwezi katikati na kutokea upande wa pili kama kikonyo. Mwezi utakuwa vipande viwili, kila kimoja chenye tao la wastani ambalo nitalikata kwa almasi ya mkono kabla chai haijapoa. Pembe nazo uzinenepeshe kidogo, kwa kuwa utepe wa shaba na lehemu, tunavyounganishia vipande, hula sehemu ya kila ukingo, na pembe nyembamba kama hiyo ikishavishwa pande zote mbili hakuna kioo kitakachoonekana pale, ni lehemu tupu. Utauliza, kama mambo ni hivyo, kwa nini basi nilinunua msumeno. Shemeji yako huuliza swali hilo hilo kila mwisho wa mwezi. Msumeno utakata yale majani yako yenye kingo za menomeno, ambayo hayabebi uzito wowote, na utaniokolea kile kioo chekundu, ambacho ni ghali kuliko rangi nyingi nyingine na sitaki kukivunja mara sita ili nipate kipande kimoja.

Jambo dogo kabla sijasahau: kile kioo cha kijani ulichopewa gereji, cha dirisha la ubavuni la basi, usikiguse kabisa. Hicho kimechomwa na kupozwa ghafla kiwandani ili nje yake ijibane na ndani yake ivutike, na ndiyo maana kina nguvu. Lakini hakikatiki tena, si kwa almasi, si kwa msumeno, si kwa dua. Ukikianza tu kitalipuka chote na kuwa punje kama mahindi. Mpe Juma akirudishe, au kifanyeni meza.

Nilitaka pia kukueleza habari za Mzee Shomari na lile deni la vioo, lakini hasira imenipanda nilipoanza kuandika, kwa hiyo tutazungumza.

Sasa nijibu, tafadhali, kwa kijana huyo huyo atakayerudi Ijumaa. Je, tajiri wako ameuona mchoro wa mwezi na kuupenda, au ameambiwa tu kwamba kutakuwa na mwezi? Maana kama hajauona, hakuna wa kumwomba radhi. Kina cha mfereji ulioutoboa kwenye fremu ni milimita ngapi, na je, umeacha nafasi ya kioo kupumua au umekibana kama droo? Unaweza kunikatia kipimo cha karatasi ngumu cha nusu duara yote, badala ya vipimo unavyonitajia kwa simu, ambavyo mara mbili sasa vimetofautiana kwa sentimita moja nzima? Diski yenyewe ina ukingo mzima au ina mapengo? Kama ina mapengo ni ya zege, wala usimruhusu muuzaji akudanganye kwamba ni ya kioo. Ikiwa ukingo ni mzima, itakufaa kwa marumaru za baraza la Bi Mkubwa. Je, magoti yake yamepona kiasi cha kusafiri, maana mke wangu anasema mje wote Idi ijayo? Na hiyo grinda iko wapi wakati huu unaposoma: juu ya meza, au imekwisha fungwa diski?

Ni mimi nduguyo,
Salim