Barua ya wazi kwa Waziri wa Jimbo: kijiji kipime, kisha ndipo mtie sahihi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya vijijini, Jimbo la Haut-Katanga, Lubumbashi.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu sahihi moja tu. Kazi ya serikali inapokamilika kijijini, iwe shule, kituo cha afya au kisima cha pompi, hupokelewa mara mbili. Kuna mapokezi ya muda, siku ya utepe, ngoma na kamera. Kisha, baada ya kipindi cha dhamana ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja, kuna mapokezi ya mwisho, na hapo mkandarasi hulipwa fungu la pesa lililokuwa limezuiliwa. Yale ya kwanza kila mtoto anayakumbuka. Haya ya pili huishia mezani huku mjini, na katika miaka yote niliyofanya kazi vijijini sijakutana na mwanakijiji aliyeitwa kuyashuhudia. Ombi langu ni kwamba karatasi hii ya pili isitiwe sahihi na mtu wako yeyote kabla kijiji chenyewe hakijaipima kazi na kutia sahihi yake.

Mimi ni monita wa kilimo, yaani mshauri wa wakulima, mstaafu. Nakaa Katuba, ila ukoo wetu uko kando ya Luapula, wilaya ya Kasenga, na huko ndiko nilikozoea kuzunguka kwa baiskeli na kaye, yaani daftari, yangu ya mavuno. Kupima ndiyo kazi iliyonilisha, kwa hiyo utanisamehe nikiwa mkali kidogo juu ya namba.

Mpango wa serikali wa maendeleo wa wilaya 145 za Kongo yetu, ule tunaouita PDL-145, umeanza na shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Siupingi, vijiji vingine havikuwa vimeona mfuko wa saruji wa serikali tangu enzi za baba zetu. Lakini ukiuliza mpango umefika wapi, utajibiwa kwa majengo: mangapi yameanza, mangapi yamefika kwenye lenta, mangapi yamekabidhiwa. Hiyo ni hesabu ya mkandarasi. Ni haki yake kuwa nayo, maana ndiyo anayolipiwa. Hesabu ya kijiji ni nyingine, na hiyo hakuna anayeiandika.

Nakupa mfano wa shule moja ninayoijua vizuri. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu sikuja kumshtaki mtu. Ni shule nzuri kuitazama, matofali ya saruji na mabati ya bluu, na kwenye ripoti imekamilika kwa 100%. Nenda pale saa nne asubuhi mwezi wa Novemba. Utakuta darasa la tatu na la nne wamebanana chumba kimoja, kwa sababu upepo wa mvua za kwanza uliinua mabati ya upande wa pili. Misumari ilikuwa mifupi, na mafundi wa kijiji walilisema hilo wakati paa linapigwa. Vyoo vipo na milango ipo, lakini imefungwa kwa kufuli na ufunguo anao diretka, mkuu wa shule, maana hakuna maji ya kusafishia. Watoto wanaingia porini. Wasichana wakubwa wanarudi nyumbani, na wengine wakisharudi siku hiyo hawaonekani tena. Mkaguzi alifika Julai. Julai barabara ni kavu, gari linapita, upepo umetulia, na watoto wako likizo. Aliona shule, akaandika shule.

Tena hizo asilimia tunazosomewa ni asilimia za nini? Nchi yetu haijafanya sensa ya watu tangu 1984. Ukisoma kwamba sehemu fulani ya watu wa kijijini wanapata maji safi, jiulize aliyegawanya aligawanya kwa idadi ipi. Kumbe kijiji kinajihesabu. Wale relè wa afya, RECO, wanakijiji wanaojitolea kwa kazi za afya, hupita nyumba kwa nyumba kila kampeni ya chanjo au ya vyandarua. Wanajua nyumba ipi ina watoto wangapi chini ya miaka mitano, mama yupi amehamia kwa kaka yake, nyumba ipi imefungwa kwa sababu wenyewe wameenda kuchimba. Kaye zao zimechakaa, zina alama za mafuta ya taa, lakini zina majina ya watu walio hai. Ningekuwa mimi, kabla ya kumlipa mtaalamu wa kutengeneza viashiria, ningeomba kwanza nisome zile kaye.

Niliwahi kukaa na akina mama karibu na pompi, wakisubiri zamu ya bidoni zao, nikawauliza wao hujuaje kwamba kijiji kinasonga mbele. Hakuna aliyetaja jengo. Mmoja alisema: ukiona mahindi ya mwaka jana bado yapo ghalani Januari. Mwingine: ukiona vijana wanarudi kutoka machimboni wakati wa kupanda. Mwingine tena, aliyekuwa mjamzito, alisema ni pale mtu anapojifungulia kituoni badala ya njiani. Tukatandika kitenge, tukaweka punje ya mahindi kwa kila nyumba, upande huu zenye nafuu, upande ule zenye shida. Kulikuwa na nyumba moja yenye mabati, na binti aliyeshika punje akaiweka upande wa nafuu bila kufikiri. Bibi mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akanyoosha mkono, akaihamisha. Akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wale watu wameshauza mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa mfanyabiashara wa mjini, kwa bei ya njaa; mavuno yakifika gari litakuja kubeba na wao watabaki na mabua. Wenzake wakaitikia. Orodha yoyote inayohesabu mapaa ya bati ingeiweka nyumba ile miongoni mwa zilizoendelea.

Hapo, Mheshimiwa, ndipo kipimo kinapopatikana, na hakigharimu kitu zaidi ya muda. Wala si jambo geni kwetu. Mpango wa vijiji safi uliosaidiwa na UNICEF uliwafanya wanakijiji wenyewe wachunguze nyumba zao kabla ya kijiji kupewa cheti: je, angalau 80% ya watu wanapata maji safi, angalau 80% wanatumia choo cha usafi, komite inafanya kazi, kijiji kinafagiliwa walau mara moja kwa mwezi? Vipimo ni vichache, vinaeleweka na asiyesoma, na mtu yeyote anaweza kwenda nyuma ya nyumba ya jirani akahakikisha. Unaweza kubishana na kipimo cha namna hiyo, na ubishi wenyewe unawafundisha watu kuliko semina.

Najua washauri wako watakuambia ushiriki wa wananchi tumeujaribu na haukuzaa kitu. Wana hoja, na ni afadhali niitaje mwenyewe. Mradi wa Tuungane ulipita hapa kwetu Haut-Katanga, Tanganyika, Maniema na Kivu ya Kusini, katika vijiji 1,250 hivi. Komite zilichaguliwa, mafunzo yalitolewa, miradi midogo ilijengwa. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakafanya jaribio: wakatoa dola 1,000 kwa kila kijiji walichokichagua, vilivyopitia mradi na visivyoupitia, waone zitasimamiwaje. Matokeo yaliyotoka 2012 hayakuonyesha tofauti ya maana. Indonesia nako, katika vijiji 608 vilivyojenga barabara, mchumi Benjamin Olken aliona kwamba kuwaita watu wengi mikutanoni kulipunguza wizi kidogo sana kwa jumla. Kilichopunguza ni kujua kwamba mkaguzi wa serikali atakuja kwa hakika, na kwamba matokeo yake yatasomwa mbele ya kijiji kizima.

Mimi nayasoma hivi. Kwetu, ushiriki umekuwa jina jipya la salongo, ile kazi ya pamoja ya kulazimishwa. Wananchi wanabeba mchanga na mawe bila malipo, wanatia sahihi orodha ya mahudhurio, wanapewa soda, na picha inapigwa. Hakuna hata siku moja neno lao linapozuia faranga moja kutoka. Mtu anayejua kwamba maoni yake hayabadilishi kitu hujibu kile mgeni anachotaka kusikia. Hiyo ni adabu, na ni akili pia. Ndiyo maana nimeanza na sahihi na wala sikuanza na mkutano. Mkandarasi akijua kwamba fungu lake la mwisho liko mikononi mwa mama wa pompi, diretka, IT, yaani muuguzi mkuu, wa kituo cha afya na fundi wa kijiji, baada ya paa kupigwa na masika nzima, ataleta misumari mirefu bila kuhimizwa.

Kwa hiyo wapime mara tatu. Kabla ya kazi, ili ijulikane hali ilikuwaje. Katikati, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa kwa bei ndogo. Na mwisho, ila mwisho huo uwe Februari, kazi ikiwa imeshakaa ndani ya mvua. Februari ndiyo mwezi wa ukweli huku kwetu. Ghala limeisha, barabara imekatika, malaria imepanda, na kila kilichojengwa vibaya kinajionyesha. Najua gari la ofisi halifiki. Ndiyo sababu kazi hiyo wapewe walioko kule, na mkaguzi wako aende kuhakiki vijiji vichache bila kutoa taarifa mapema ni vijiji vipi. Nikitumwa mimi nitaenda, magoti yakiruhusu.

Kisha matokeo yasomwe kwa sauti. Huko Rajasthan, India, kuanzia 1994, wakulima na vibarua walikusanyika kusomewa orodha za malipo ya kazi za umma katika vijiji vyao, na yakasikika majina ya watu waliokufa na ya watu ambao hawakuwahi kushika jembe pale. Baada ya miaka ya mapambano, 2005 India ilipata sheria ya haki ya kupata taarifa, na sheria ya ajira vijijini ya mwaka huohuo ikalazimisha ukaguzi unaofanywa na jamii. Hawakuanza na kompyuta. Mtu alisimama, akasoma, na waliokuwa wamekaa chini wakasema: huyo hakuwepo.

Sisi tuna cha kusoma, tena kingi. Sheria ya madini ya 2018 inasema 15% ya mrabaha wa madini iende moja kwa moja kwa sekta, sheferi au komini, yaani utawala wa mahali ambamo mgodi uko, na kampuni itenge angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kambove, Kipushi na Sakania wanayajua malori ya shaba na vumbi lake. Kiasi kilichoingia mwaka jana katika sekta yao wengi hawakijui, na wakiuliza wanaelekezwa Lubumbashi. Haitoshi namba hizo kukaa kwenye ripoti za ITIE, ule mpango wa uwazi wa mapato ya madini, kwa Kifaransa. Ziandikwe kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya sekta: kilichoingia, kilichotoka, kimefanya nini. Pesa ikiandikwa hapo na kipimo cha kijiji kikiandikwa pembeni yake, hutahitaji hotuba kueleza maendeleo.

Neno la tahadhari, kwa sababu ninawajua ndugu zangu. Ukisema kijiji kiteue wapimaji bila masharti, utaletewa mpwa wa chefu, katibu wa chefu na shemeji wa chefu. Wanawake wakutane peke yao kwanza, na hesabu yao iandikwe kabla ya ile ya baraza. Huko Mitwaba na Pweto, ambako watu wengi walikimbia mapigano na wengine hawakurudi kwenye vijiji vyao vya zamani, waliohamia nao wawe na sauti, maana mara nyingi ndio wanaolala mbali zaidi na pompi. Wala kupima kusigeuke ajira ya posho. Siku ile komite itakapoanza kudai nauli ili itembee mita mia tatu, jambo limekufa.

Sikuombi bajeti mpya. Naomba barua moja kutoka ofisi yako kwa wote wanaotekeleza miradi katika jimbo, ikisema kwamba hakuna mapokezi ya mwisho bila karatasi ya kijiji. Uanze na wilaya moja. Napendekeza Kasenga kwa sababu ni kwetu, na pia kwa sababu masika hii kuna majengo yatakayofikisha mwaka mmoja, na pesa zake za dhamana bado hazijatoka.

Wako mtiifu,

Mzee wa Katuba, mzaliwa wa Kasenga, monita wa kilimo mstaafu