Kopo la bia nalo liwekewe hela ya kurudisha

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapa kuhusu vijana wanavyohamia kwenye bia ya kopo na kuiacha chupa. Mwandishi amesema kweli katika mengi, ila ameishia pale mnywaji anapomaliza bia yake. Kazi yangu mimi inaanzia hapo. Nina glosari huku Marangu, mwaka wa kumi na nne sasa, na kila usiku nikifunga mimi ndiye ninayeokota vilivyobaki mezani na chini ya viti.

Zamani mteja akiingia alitaka kujua kitu kimoja tu: ipo ya baridi au iliyopo ni ya moto? Siku hizi anaanza na kuuliza kama kopo lipo. Sababu zao nazielewa. Kopo linapoa upesi. Umeme ukikatika mchana kutwa na kurudi jioni, makopo yanakuwa tayari wakati chupa bado zina joto lake. Tena halivunjiki. Nimeshafagia vioo saa sita usiku kwa mwanga wa simu, na nimeshamfunga mteja kidole cha mguu kwa kitambaa cha meza. Wanaosema bia ya kopo ina ladha ya bati nao wanakosea, kwa sababu kopo limepakwa utando kwa ndani na bia haigusi alumini. Mwanga nao haupiti kabisa. Jua ndilo linaloharibu bia: linavunjavunja ule uchungu unaotokana na maua ya hopsi na kuacha harufu mbaya. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo tu. Muuzaji anayeacha kreti zishinde nje juani anamuuzia mteja bia iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo sikuandika barua hii kulitukana kopo.

Lakini ukiwasikiliza wateja wenyewe, sababu kubwa ni nyingine. Wananiambia, "Mama, kopo halina usumbufu." Usumbufu wanaousema ni hela ya chupa. Ukitaka kwenda kunywea nyumbani, uache hela ya chupa au ulete chupa tupu. Nami nikienda kwa wakala kuchukua mzigo, napeleka kreti na chupa zake tupu, na ikipungua moja nailipia mwenyewe. Ni usumbufu kweli, sikatai. Ila huo usumbufu ndio unaofanya chupa isilale barabarani hata siku mbili. Chupa ina mwenyewe. Kopo likishanywewa halina mwenyewe.

Anayetujua sisi Wachagga anaijua Desemba. Watoto wetu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingine, tunachinja, tunabatiza, tunaozesha. Zamani gari likifunguliwa buti unaona kreti. Sasa ni katoni za makopo 24, moja juu ya nyingine, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi mjini Januari na chupa tupu zinazogongana njia nzima.

Mwaka huu, tarehe 2 Januari, mzee jirani yangu alikuja asubuhi na jembe begani: "Mama, maji hayafiki kwangu." Kwa msomaji asiyeujua mfongo, ni mfereji waliouchimba mababu zetu kuleta maji ya mlimani mpaka kwenye migomba, na kila kaya ina zamu yake. Tuliufuata mfongo kuelekea juu hadi pale maji yanapogawanyika. Majani makavu ya mgomba yalikuwa yamejazana, na chini yake makopo, mengine yamekanyagwa, mengine yamejaa tope mpaka mdomoni, yamebanana kama yamepangwa. Tuliyatoa kwa mikono, maji yakiwa baridi ya kuuma mifupa. Nilihesabu 63. Chupa hatukupata hata moja, ingawa sikukuu nzima mimi mwenyewe niliuza bia nyingi zaidi za chupa kuliko za kopo. Chupa ikitupwa usiku, alfajiri mtoto anayekwenda kukata majani ya ng'ombe ameshaiokota, na kabla ya saa mbili yupo mlangoni kwangu anataka hela yake.

Najua nitaambiwa kwamba makopo nayo yanaokotwa na watu wa vyuma chakavu. Mjini, ndiyo. Huku juu hebu tupige hesabu. Kopo tupu la mililita 330 lina uzito wa gramu 13 hivi. Ili mizani isome kilo moja unahitaji makopo zaidi ya 70, kisha uyashushe mpaka Himo, kisha ulipwe bei ya siku hiyo. Nani atahangaika na hayo 63 yaliyotapakaa kwenye mfongo wa watu? Na ni hasara ya kweli, maana alumini ni mali. Kuyeyusha kopo lililotumika kunakula takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kupata alumini mpya kutoka kwenye madini ya boksiti. Tunafukia kwenye tope kitu ambacho kingeweza kuwa kopo jipya.

Tena tusidhani tabia hii imekuja na vijana wetu. Bia ya kopo ilianza kuuzwa tarehe 24 Januari 1935 mjini Richmond, Virginia, na kampuni ya Krueger ya Marekani, na tangu mwanzo moja ya sifa alizotangaziwa mnywaji ilikuwa kwamba halina hela ya kuweka wala haja ya kulirudisha. Kinachotusumbua leo ndicho kilichokuwa kivutio chake.

Wengine walishaona mapema. Denmark ilikataza bia ya kopo kwa takriban miaka 20, na iliporuhusu mwaka 2002 ililiwekea kopo hela ya kurudisha. Ujerumani ilianza tarehe 1 Januari 2003, na leo kila kopo la bia lina senti 25 za yuro juu yake. Mnywaji analirudisha dukani na kupewa hela yake. Makopo zaidi ya tisa katika kila kumi yanarudi. Wajerumani nao wana walevi na wavivu kama sisi. Wanachotuzidi ni hizo senti 25.

Ombi langu kwa watengenezaji wa bia, kwa waagizaji wa bia za nje na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ni kwamba kopo liwe na hela yake kama chupa. Iwe kiasi cha kumfanya mtoto ainame kuliokota, na ilipwe palepale glosari au dukani, si kwenye ofisi iliyoko mkoani. Sisi wauzaji tulipwe kidogo kwa kazi ya kuhesabu na kuhifadhi. Mnywaji hapotezi kitu, hela anaipata akirudisha. Kama ameamua kutupa, basi awe amemlipa atakayeokota.

Sitaki kusikia kwamba haiwezekani. Viroba vya pombe kali viliondolewa nchini tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Nilikuwa nikiuza viroba, na mapato yalipungua. Lakini mitaro iliyokuwa ikizibwa na vile vifuko niliiona ikifunguka, na sijatamani virudi. Kwa kopo wala hatuombi lipigwe marufuku. Tunaomba lifuate utaratibu ambao chupa imeufuata miaka yote.

Usafiri nao upo tayari. Lori la bia hupita hapa kila Jumanne. Linapanda na kreti zilizojaa na kushuka na kreti tupu, na juu ya zile tupu huwa kuna nafasi. Utingo hulala hapo mpaka Himo. Magunia mawili ya makopo yaliyokanyagwa yangeenea bila kuongeza tone la dizeli. Mimi gunia langu la kwanza limeshajaa, liko nyuma ya jiko, na Jumanne iliyopita nilimwomba dereva alichukue. Alisema hajapewa maagizo. Namwomba bosi wake, akisoma barua hii, ampe.

Mwenye glosari,
Marangu, Kilimanjaro