Zuhura, jua la dirishani si jua

Tanga, Januari

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku wazima, alhamdulillahi. Picha ya mume wangu nimeipata. Amenenepa, mashallah, mashavu yote ni ya babu yake. Kilichoninyima usingizi ni maneno uliyoandika chini: "Namlaza dirishani apate jua la asubuhi." Jua gani, Zuhura? Kioo kinapitisha mwanga na joto, ila ile miale inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D inaishia hukohuko nje. Hata ukimtoa nje, huko Glasgow tangu Oktoba mpaka Machi jua halina nguvu hiyo. Tena mtoto wetu ni mweusi, na ngozi yetu inataka jua la muda mrefu kuliko ya jirani zako.

Mpe matone ya vitamini D. Chupa ulipewa bure, mkaiweka kabatini kwa sababu shoga zako wa mtandaoni wanasema maziwa ya mama yanatosha. Mimi nimewahimiza akina mama kliniki wanyonyeshe tangu wewe hujazaliwa, na sirudi nyuma: mnyonyeshe. Lakini vitamini D kwenye maziwa ya mama ni kidogo mno, na wewe yako ingetoka wapi? Mimba nzima kazi za usiku, mchana umelala. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoichota kwa mama yake tu. Ndiyo maana huko Uingereza mtoto anayenyonya tu hupewa maikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa. Kila siku, mwanangu, si siku ukikumbuka. Soma lebo, maana chupa nyingine ni tone moja, nyingine ni kadhaa. Wala usimzidishie ukadhani unalipa siku zilizopita. Ikipita kiasi, kalsiamu, yale madini ya mifupa, hujaa kwenye damu na figo ndizo zinazoumia.

Umeniuliza, kwa ule ujeuri wako, "kwani asipopata inakuwaje?" Kalsiamu anaweza kuwa nayo kwenye maziwa, ila bila vitamini D utumbo hauichukui ipasavyo. Ngozi huanza kuitengeneza vitamini hiyo, ini huibadilisha, figo humalizia, ndipo utumbo unapoinyonya kalsiamu. Vitamini hiyo ikikosekana, mifupa hubaki laini, na mtoto akianza kusimama miguu inapinda. Kalsiamu ikishuka sana hata degedege humpata. Hao Waskoti wa mji wako waliyajua sana matege enzi za moshi wa viwanda, wakawa wanawanywesha watoto mafuta ya ini la samaki. Nami nimeyaona hapahapa Tanga, jua lote hili, kwa watoto wanaofungiwa ndani kutwa. Mimi niliyekuwa nakupigia kelele uingie ndani usije ukawa mweusi, haya, tuyaache hayo.

Na wewe usijisahau. Maikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima, kwa kuwa unajifunika na ngozi yako ni hiyo. Hayo maumivu ya kiuno na mapaja usiyaite uchovu wa uzazi tu, mwombe daktari akupime damu. Kula vibua vya kopo, sadini, samoni ukiweza, na kiini cha yai usikitupe kama ulivyozoea. Hivyo vinasaidia, havitoshi. Chai ya maziwa usiitegemee, maziwa ya dukani huko kwa kawaida hayaongezewi vitamini hiyo.

Baba yako kila mgeni anamwonyesha cheti chako kwenye simu, hata muuza mkaa ameshakiona. Nami moyo wangu umejaa, sikufichi. Lakini huko kazini wazee wa watu unawahesabia vidonge asubuhi na jioni bila kukosea hata kimoja, na mwanao tone moja linakushinda?

Fundi amemaliza paa la jikoni, vuli ilikuwa imetutesa. Bado anadai hela ya bati mbili, na mimi simlipi mpaka mvua inyeshe nione. Mdogo wako hataki kurudi chuoni, anasema anataka bodaboda. Mpigie wewe, mimi hanisikii. Mkwe wangu msalimie, mwambie matone ni kazi yake pia.

Kesho ukishampa, piga picha hiyo chupa unitumie, upande wenye maandishi, nisome mwenyewe ni matone mangapi.

Mama yako