Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ingepaswa kuanza kwa salamu na shukrani, lakini naomba mniwie radhi nianze na kosa letu. Katika jarida la robo ya kwanza ya mwaka tulitangaza kifo cha mwenzetu ambaye yu hai. Habari ilitufikia kwa mtu aliyeisikia kwa mwingine, jina likafanana na la marehemu wa darasa lililotangulia, nasi tukaichapisha bila kumpigia simu hata ndugu yake mmoja. Aliyetupasha ukweli ni binti yake. Hakufoka, aliuliza tu kama katika chama chote hapakuwa na mtu mwenye namba ya simu ya baba yake. Hatukuwa nayo. Kadi yake katika daftari la wanachama ilikuwa na sanduku la posta aliloliacha zamani, na nafasi nyingine zote zilikuwa tupu. Nilikwenda kumwomba radhi ana kwa ana kwa niaba ya kamati, na leo naomba radhi tena mbele yenu.

Mzee yule alinipokea vizuri, na alinieleza jambo ambalo limeongoza kazi yetu ya mwaka mzima. Alisema kwamba fomu zetu za habari zilimfikia kila mara, ila zilimtaka ataje cheo, shahada na mahali pa kazi, naye aliacha kazi mapema ili amuuguze mkewe. "Niandike 'hakuna' mara tano, kisha nitie sahihi?" aliniuliza.

Niliporudi niliyapitia matoleo ya nyuma ya jarida, nikaona kwamba habari karibu zote ni za kupandishwa cheo, kuhitimu, kufunga ndoa na kufariki. Kwa kweli niliona haya, kwa sababu mengi ya matoleo hayo niliyahariri mwenyewe. Anayepanda cheo huandikwa, na anayefariki huandikwa. Anayeishi miaka yake yote kati ya mambo hayo mawili hakuwa na safu yake. Tumekuwa tukilalamika kila mwaka kwamba wanachama wamenyamaza, ilhali sisi ndio tuliokuwa hatuwaulizi.

Kamati iliibadilisha fomu. Sasa inauliza siku yako ya kawaida inakwendaje, unawasiliana na nani uliyesoma naye, na kama kuna jambo ambalo ungependa wenzako walijue au wakusaidie. Cheo na shahada vimewekwa mwishoni kwa anayependa kuvitaja. Tumeongeza pia kisanduku cha kuweka alama kwa anayetaka habari zake zibaki kwa katibu peke yake zisichapishwe, na naomba kila mwandishi wa darasa aliheshimu ombi hilo bila kuuliza sababu.

Barua zilizokuja ni za namna nyingine kabisa. Aliyekuwa kiranja wa bweni, ambaye wengi tulimwogopa, anafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na ameeleza jinsi mwanafunzi wake mmoja alivyokaa kimya muda mrefu baada ya kuandika jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Wawili waliokaa dawati moja wamegundua kwamba wamekuwa wakiishi mji mmoja kwa miaka bila kujuana. Dada mmoja aliyepoteza uwezo wa kuona aliomba mtu wa kumsomea jarida. Mwenzake wa darasa sasa humpigia simu kila toleo linapotoka, na ninavyoambiwa, nusu ya mazungumzo hayo haimo kwenye jarida.

Barua moja tuliijadili kikaoni kwa kirefu. Ilitoka kwa mtu aliyeacha shule katika mwaka wake wa pili kwa kukosa ada, akiuliza kama anahesabika kuwa mwenzetu. Baadhi ya wajumbe walisita. Tulifungua katiba, na ibara ya uanachama inasema "mtu aliyesoma katika shule hii". Neno "aliyehitimu" halimo. Nilimjibu siku ileile, na yupo ukumbini leo. Ninaamini wako wengine kama yeye ambao hatujawahi kuwatafuta, na nitawaomba mtusaidie kuwapata.

Kuhusu namna ya kuwatafuta, tulijifunza jambo la manufaa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watu 392 waliosoma sekondari nchini Marekani, baadhi yao wakiwa wamemaliza karibu nusu karne kabla. Waliomaliza ndani ya miaka 15 waliweza kuwatambua wenzao kwa picha kwa usahihi wa takriban asilimia 90, lakini walipotakiwa kutaja majina kwa kichwa tu, walipungukiwa sana. Sisi tulikuwa tukiwauliza wanachama, "Unamkumbuka nani?" na kupata majina machache yaleyale. Tulipoanza kuwapelekea picha ya darasa pamoja na orodha ya majina kutoka rejista, mtu aliyekuwa amesema hamkumbuki yeyote alianza kunyoosha kidole: huyu alikuwa akipiga kengele, huyu alihamia kwetu katikati ya mwaka, na huyu ni mdogo wake fulani.

Wenye picha za zamani nawaomba waandike majina nyuma kwa penseli laini, wala wasitumie kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya na ncha yake huacha alama upande wa mbele. Zilizobandukika au kugandamana zisivutwe kwa nguvu; zileteni zilivyo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ukarabati wa rafu za maktaba ya shule umekamilika.

Kamati inapendekeza fomu hii itumwe kwa kila mwanachama kila baada ya miaka miwili, awe amejibu mara iliyopita au hakujibu. Hatukulibuni hilo wenyewe: utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938 kwa kuwafuatilia wanafunzi wake 268, uliendelea kwa miongo mingi kwa sababu watu walewale waliulizwa tena na tena kuhusu afya, kazi na familia zao. Vilevile tunapendekeza kwamba habari ya kifo isichapishwe kamwe kabla ya mjumbe wa kamati kuzungumza na mmoja wa wanafamilia. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura, na madarasa matano ambayo hayana mwandishi yatahitaji kumchagua leo.

Picha ya darasa la yule mzee tuliyemtangazia kifo iko kwenye meza iliyo karibu na mlango, pamoja na penseli. Yeye mwenyewe ametutajia watu wote isipokuwa kijana wa nne kutoka kushoto, mstari wa nyuma, aliyegeuza uso wakati picha inapigwa. Ameniomba niwaulize kama kuna anayemfahamu.