Mwanangu, hiki ni cha kuweka nyuma ya runinga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, baba yako miguu imetulia na anakusalimu sana. Kifurushi hiki nimemkabidhi mwenyewe kondakta wa basi la Dodoma, na barua nimeiweka juu kabisa ili uisome kabla hujachomeka chochote.

Ndani utakuta kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ikiwa kwenye kava lake la alumini, chaja yake, waya wa HDMI wa kupeleka picha na sauti kwenye runinga, memori kadi niliyokwisha kuiandaa, na diski ya nje yenye vitu vyetu. Uliniambia kwenye simu kwamba mnataka kununua runinga mpya ya intaneti kwa sababu wajukuu zangu wanamaliza bando la simu yako kwa katuni. Msinunue kwanza. Runinga mliyo nayo ina kioo kizuri na tundu la HDMI inalo. Inachokosa ni akili ya kusoma mafaili, na hiyo ndiyo niliyokutumia. Runinga hizi za kisasa kioo chake hudumu miaka mingi, lakini programu zake mtengenezaji huacha kuzihudumia mapema, ukabaki na runinga nzima ambayo nusu ya kazi zake zimekufa. Akili ikikaa nje, siku ikizeeka unaibadilisha yenyewe tu.

Najua utaniuliza kwa nini sikununua vile visanduku vya Android vya bei ya kutupa. Mwaka 2023 watafiti wa usalama wa kompyuta walieleza kwamba baadhi yake, kikiwamo kinachoitwa T95, vilimfikia mnunuzi vikiwa tayari na programu za wizi ndani. Kitu kitakachokaa kwenye Wi-Fi moja na simu unayotunzia pesa zako, mimi sitaki kiwe cha kubahatisha.

Hii niliyokutumia ina asili ninayoipenda kama mwalimu. Ya kwanza kabisa ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, ikitoka kwa watu wa Cambridge, Uingereza, akiwamo Eben Upton, waliokuwa wakisikitika kwamba vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuo kikuu wanapungua na wanafika bila kujua kuandika programu. Walitaka mtoto apate kompyuta ya bei ndogo ambayo hakuna mzazi atakayeogopa akiichezea. Nia ilikuwa darasa. Ila chipu waliyoitumia, BCM2835 ya Broadcom, ilikuwa imetengenezwa kwa kazi za picha na video. Prosesa yake ilikuwa dhaifu, megahezi 700 tu, na bado ilionyesha filamu ya 1080p bila kukwama. Watu wa runinga wakaikimbilia kabla hata ya walimu.

Hapo nataka uelewe vizuri, maana ndipo patakapokusaidia siku faili litakapokataa. Picha moja ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2, na kila nukta inahitaji baiti 3 za rangi. Picha 25 kwa sekunde, kwa saa nzima: piga hesabu, utapata kama GB 560. Diski yako yote isingetosha filamu mbili. Kwa hiyo video hubanwa. Badala ya kuandika kila picha upya, faili huandika kilichobadilika kati ya picha na picha: mtu amesogea, ukuta nyuma yake umebaki vilevile. Saa moja inashuka hadi GB 2 au 3. Lakini wakati wa kutazama lazima mtu aifumue ile kazi yote, mara 25 kila sekunde, na akichelewa kidogo tu picha inakwama na midomo inaachana na sauti.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa ya kawaida ikihesabu kila kitu, au na saketi iliyochongwa ndani ya chipu kwa kazi hiyo moja tu. Tofauti yake ni ya mbuzi ya kukunia nazi na mashine ya sokoni: nazi zote zitakunwa, ila mmoja atatoka jasho. Saketi haitoki jasho, na haifanyi kazi nyingine. Raspberry Pi 4, iliyotoka Juni 2019, ina saketi ya kufumua mtindo wa kubana video uitwao H.264 mpaka 1080p, na ya mtindo wa H.265 mpaka 4K. Karibu kila ulicho nacho kwenye simu na flashi ni mojawapo ya hizo. Ile ya 5, ya mwaka 2023, ina nguvu zaidi, lakini wameiondolea saketi ya H.264, prosesa ndiyo inayobeba. Inaweza, ila inapata joto na mara nyingi inataka feni. Mimi nilitaka kitu kisichotoa sauti sebuleni, ndiyo maana nikachagua ya 4 na kava la alumini linalopoza lenyewe. Basi faili likikwamakwama, usiilaumu runinga wala kompyuta kabla hujatazama limebanwa kwa mtindo gani. Likiwa la AV1, humo hakuna saketi yake. Libadilishe kwanza kwenye laptopu ya mkwe wangu.

Sasa umeme, na hapa nakusihi kama ninavyowasihi watu wote wanaoniuliza habari za kompyuta hizi. Usichomeke chaja ya simu. Kompyuta hii inataka volti 5.1 na ampea 3, na waya mwembamba unakula volti njiani. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2 tu ukipitisha ampea 3 unapoteza volti 0.6. Zinabaki 4.5. Kompyuta huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63 hivi: kwenye kona ya kioo utaona alama ndogo ya radi ya manjano. Watu huipuuza, kisha wanasema kompyuta ni mbovu, kumbe ina njaa. Chaja niliyoiweka ndani ni yake. Mtoto akiichukua kuchajia simu, irudishwe.

Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi. Inakula wati 5 hivi ikionyesha filamu, maana yake uniti moja inakupa kama saa 200. Kilicho kikubwa ni kukatika kwa umeme. Memori kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika, na kompyuta isiwake tena. Ndiyo sababu nimeweka mfumo unaoitwa LibreELEC. Ulizaliwa mwaka 2016, na kazi yake ni moja: kuwasha Kodi, programu ya kutazamia filamu, na kukaa pembeni. Sehemu yenye mfumo wenyewe haiandikwi wakati wa matumizi, inasomwa tu. Kinachoandikwa ni mipangilio na orodha ya filamu zako, kwenye sehemu ya pili ya kadi. Umeme ukikatika unaweza kupoteza kumbukumbu ya ulipoishia kutazama, lakini si rahisi kupoteza mfumo. Diski nayo nimeiumbiza kwa mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao ext4, ambao huweka daftari la mabadiliko na kujitengeneza umeme ukirudi. Kwa sababu hiyo Windows haitaisoma ukiichomeka kwenye laptopu. Usiogope, na tafadhali usikubali laptopu ikikuomba iiumbize upya. Mafaili mtayapeleka kwa Wi-Fi, kompyuta itaonekana kwenye mtandao wa nyumbani kama folda.

Diski ni ya inchi 2.5, inajitosheleza kwa umeme wa USB. Usiongeze ya pili, kwa kuwa matundu yote manne yanagawana ampea 1.2. Waya wa HDMI uingie kwenye tundu lililo karibu zaidi na la chaja. Kuzima, zima kwanza kwenye menyu, halafu ndiyo uchomoe.

Kodi ndiyo mtakayoiona kila siku. Ilianza miaka ya 2002 na 2003 kama programu ya watu waliotaka kutazama filamu kwa mashine ya michezo ya Xbox, na jina la sasa ilipewa mwaka 2014. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ingia kwenye mipangilio ya runinga uwashe HDMI-CEC (Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync), na rimoti yenu ileile ya runinga itaendesha kila kitu. Ikigoma, weka programu ya Kore kwenye simu, nayo ni rimoti.

Neno moja la mzazi hapa. Kodi haiji na filamu yoyote. Inaonyesha ulichoweka. Utakutana na fundi atakayekuambia akuongezee vitu ili upate mpira na filamu zote za dunia bure. Mkatalie. Filamu hizo zimetengenezwa na watu wanaokula kwa kazi hiyo, wakiwamo vijana wetu wanaolala kwenye seti usiku kucha, na sikukulea uwanyang'anye. Nunua, rekodi, weka vya kwako.

Na vya kwetu vipo, mwanangu. Hii ndiyo sababu hasa ya kifurushi hiki. Kanda za VHS za familia zilikuwa zinaliwa na ukungu wa hapa pwani; unazijua mvua zetu na joto letu, sumaku iliyo kwenye mkanda haivipendi vyote viwili. Niliitoa deki kabatini, nikaisafisha vichwa, nikaziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kanda huchezwa kwa muda wake halisi, hakuna njia ya mkato: harusi ya saa tatu inachukua saa tatu. Nimezihifadhi kwa ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, ambao ndio mfumo wa PAL zilizorekodiwa nao. Usimruhusu mtu azivute zijae kioo kizima, watu watanenepa. Kuna harusi ya shangazi yako, kuna Maulidi ya nyumba ya zamani, kuna wewe siku ya kwanza ya shule umeshika mkono wa babu na hutaki kuuachia.

Kuna pia folda ya sauti. Bibi yako alirekodiwa kwenye kaseti akihadithia watoto wa mtaa, na kaseti hizo nimezigeuza kuwa FLAC, ambayo hubana bila kutupa chochote. Anaanza kila hadithi kwa paukwa, na ninyi mnasikika mkijibu pakawa kwa pamoja. Wajukuu zangu hawakumkuta. Nataka waijue sauti yake na Kiswahili chake cha Mtang'ata kabla hawajazoea kwamba hadithi zote hutoka kwenye katuni zenye sauti za watu wa mbali. Wawekee jioni, kioo kikiwa kimezimwa kama inawezekana.

Folda hizi za familia nimeziambia Kodi isizitafutie habari kwenye intaneti. Ukiiacha itafute, inaliona jina la folda, inadhani ni filamu, na kuibandikia harusi ya shangazi yako picha ya waigizaji wa nchi nyingine. Filamu za kununua ziache zitafutiwe, ila kila moja ipewe jina lake na mwaka wake kwenye mabano, nayo haitakosea. Upande wa watoto nimetengeneza wasifu wao peke yao, wenye katuni ulizonitajia, masomo, na hadithi za bibi, pamoja na namba ya siri kwa sehemu nyingine. Nitakutajia kwa simu. Hakuna tangazo litakalowarukia na hakuna video ya pili itakayojianzisha yenyewe baada ya ya kwanza. Hilo peke yake lingetosha kwangu.

Nakala ya diski yote ninayo hapa. Mkiongeza vyenu, picha za watoto na video za shule, nitumieni nakala kwenye flashi kila mtakapokuja likizo, ili kila kitu kiwe nyumba mbili. Diski hufa, na haitoi taarifa.

Jambo la mwisho. Mama mkwe wako aliniambia siku ya kupeleka mahari kwamba ana kanda za harusi yake na hana tena mahali pa kuzichezea. Mwombe azitafute, azifunge kwenye mfuko mkavu, mnitumie kwa basi hilihili. Deki bado inazunguka vizuri, lakini mpira wake wa kuzungushia ni wa zamani na sijapata mwingine, kwa hiyo asikawie.

Ukimaliza kusoma nipigie kabla hujachomeka chochote. Wabusu watoto, msalimie sana mkwe wangu.

Mama yako